Jibu la Swali la Kumi na Tisa

Jumatatu asubuhi Marlys Huttunen aliegesha gari nje ya nyumba ya Phyllis Tervo, akazunguka hadi mlango wa jikoni, maana mlango wa mbele ulikuwa umezibwa na theluji tangu Novemba na hakuna aliyejisumbua kuuzibua. Alikuwa na siku nne. Ijumaa saa kumi jioni ndiyo ilikuwa mwisho wa wakili wa utetezi, Colette Desrosiers, kuiomba mahakama ya Kaunti ya Tamarack isikilize upya kesi ya Lyle Beaudoin, na mpaka asubuhi ile wakili hakuwa na sababu hata moja ya kuandika kwenye ombi lake.

Lyle alikuwa fundi wa mapaa, mtu wa miaka thelathini na mmoja. Alikuwa ametiwa hatiani kwa kuichoma nyumba ya mzee Onni Salmela, na mzee mwenyewe amelala ndani. Michigan hainyongi mtu, lakini kifungo cha kosa hilo hakina mwisho. Aliyeingia kwa miguu yake hutolewa kwa jeneza. Hakuna aliyemwona Lyle akiwasha kiberiti. Walichokuwa nacho waendesha mashtaka ni ugomvi wake na mzee juu ya paa lililovuja, galoni la petroli ndani ya gari lake, na maelezo yake ya alikokuwa jioni ile, ambayo aliyabadilisha mara mbili. Juri, wale raia kumi na wawili waliookotwa kwenye orodha ya madereva wa kaunti ili waamue, walisikiliza kwa siku kumi na moja, wakajifungia siku moja na nusu, wakatoka na neno moja.

Marlys alikuwa na miaka sitini na mmoja. Miaka ishirini na sita ya maisha yake aliimaliza akichunguza moto kwa niaba ya kampuni ya bima, akipekua majivu ya nyumba za watu. Mumewe alipofariki alistaafu, akakaa nyumbani miezi mitano, kisha akaenda mwenyewe kwa Colette kuomba kazi. Siku nyingi neno la kwanza kutoka kinywani mwake lilikuwa jina lake, nalo alilitamka mlangoni kwa mtu asiyemjua.

Phyllis alikuwa mwanajuri wa akiba. Alikaa na wenzake siku zote za ushahidi, na walipoingia kujadiliana yeye akaruhusiwa kwenda zake. Jambo hilo lilikuwa bado linamuuma. Alimmiminia Marlys kahawa na kumlalamikia kwamba alinunua hadi viatu vipya kwa ajili ya kesi ile.

Marlys alimweleza mapema kwamba kuna mambo asiyoruhusiwa kuyagusa. Hakutaka kujua nani alisema nini chumbani mwa kuamulia wala nani alipiga kura gani. Alitaka tu kusikia habari za watu: walivyokaa, walivyokula, walivyozungumza kabla ya siku ile ya mwisho.

Phyllis akafunguka. Walikuwa wakila mchana chini ya mahakama, katika chumba chenye mabomba ya joto yanayogonga. Mlinzi aliwaletea pasti, ile mikate ya hapo yenye nyama na viazi ndani, na kila siku wakagombana kama ziliwe na mchuzi au na sosi ya nyanya. Wiki ya pili ilipoingia walikuwa kama watu waliokulia nyumba moja. Marlys aliacha maneno yamiminike. Kisha akauliza kama kuna yeyote aliyewahi kuzungumzia moto kabla ya mtaalamu wa moto kuitwa kizimbani.

Phyllis alifikiri. "Ilikuwa siku ya tatu, au ya nne. Mtu mmoja alisema aliyelala haungui kwanza, humalizwa na moshi. Akasema mlango uguswe kwa mgongo wa mkono, usiguswe kwa kiganja, kwa sababu kiganja kikishaungua hutaweza kumbeba mtoto."

"Alisema mtoto?"

"Ndivyo alivyosema. Nikashangaa, maana Onni alikuwa na miaka themanini."

"Ni nani huyo?"

"Meza ya dirishani. Nadhani ni Rudy. Kila kitu Rudy anakijua."

Marlys alikwenda moja kwa moja ofisini kwa Colette, akafungua kabati la fomu. Kabla ya kesi kila mwanajuri alijaza maswali thelathini na mawili na kuyatia sahihi chini ya kiapo, na kesho yake hakimu aliyarudia maswali mazito mbele ya wote. Swali la kumi na tisa lilikuwa hili: *Je, wewe, au mtu yeyote wa familia yako, amewahi kuumia, kufiwa au kupoteza mali kwa sababu ya moto, uwe wa ajali au wa kuwashwa?*

Rudy Koskela alikuwa ameandika "Ndiyo" kwa herufi kubwa, na chini yake mistari mitano: aliwahi kuwa mzimamoto wa kujitolea, na ghala la binamu yake liliteketea. Hakimu alikuwa amemhoji hadharani. Colette mwenyewe alikuwepo, akaridhika, akamwacha akae. Mwanajuri aliyeficha jambo kama hilo angeweza kuifutisha hukumu, lakini hapo hapakuwa na uongo wowote, na Colette, ambaye alikuwa amesimama nyuma ya kiti tangu Marlys alipotoa fomu ile, aliketi akafunika uso kwa viganja.

"Basi tumekwisha, Bi. Marlys."

"Bado. Si Rudy aliyesema yale maneno."

"Umejuaje?"

Marlys alimweleza. Katika miaka yake ya bima alikunywa kahawa na wazimamoto wasio na idadi. Mzimamoto huingia na glavu nene mikononi, na anapoeleza mlango hueleza shoka. Aliyezungumza pale mezani alikuwa mtu wa mikono mitupu. Tena alikuwa na mtoto upande wa pili wa mlango.

Jumanne alimkuta Rudy uani kwake akisukuma mashine ya kurushia theluji. Lilikuwa jitu la miraba minne na ndevu zimeganda barafu. Aliizima mashine shingo upande, akamsikiliza anavyojitambulisha.

"Umekuja kunivua nguo, mama? Nilishajivua mwenyewe mbele ya hakimu."

Marlys alimwambia amesoma fomu yake na hana neno nayo. Alichotaka ni kujua kuhusu maneno ya mgongo wa mkono. Rudy alikwangua barafu ndevuni, akionekana kupungua kidogo.

"Ningependa kusema ni mimi," alisema. "Mimi nilikuwa natafuna. Aliyesema ni Eunice, namba saba. Halafu akanyamaza, akaanza kukusanya sahani kabla hatujamaliza kula."

Marlys alimkumbuka Eunice Rautio kutoka picha ya gazeti siku ya hukumu: mwanamke mwembamba wa miaka sitini na saba, wa tatu kutoka kushoto, koti limefungwa hadi kidevuni. Mjane. Rudy alisema ndiye aliyewaletea mkate wa iliki karibu kila siku, akiubeba ungali na joto.

Alirudi kwenye fomu. Eunice alikuwa na mwandiko wa darasani, na alijibu maswali kama mtu anayejibu barua. *Hapana, sijawahi kufanya kazi ya polisi. Hapana, sina ndugu aliye wakili. Ndiyo, nina nafasi ya kukaa muda wote utakaohitajika.* Maswali thelathini na moja yalikuwa na sentensi kamili. Swali la kumi na tisa lilikuwa na neno moja, "Hapana." Penye watoto alikuwa ameandika, *Sina watoto.* Marlys alilisoma jibu hilo mara ya pili. Halikusema kwamba hakuwahi kuwa nao.

Karani wa kaunti alimtolea kitabu cha ndoa cha mwaka 1984. Arvo Rautio, fundi wa mashine za mgodini, alikuwa amemwoa Eunice Haldorsen, mtalaka, mzaliwa wa Prentiss Falls, Wisconsin. Jumatano Marlys aliendesha gari kwa muda wa saa tatu na nusu kuelekea kusini, redio ikimshikilia hadi mawimbi yalipokatika, na baada ya hapo akaenda na mlio wa matairi peke yake. Mkutubi wa Prentiss Falls alimwekea gazeti la mji kwenye mashine ya filamu, akarudi zake mezani.

Habari ilikuwa ya Januari 1978. Nyumba ya kupanga iliungua alfajiri. Karin Haldorsen, umri miaka minne, alikufa. Mama yake alipatikana nje ya mlango wa chumba cha mtoto na viganja vyote viwili vimeungua. Marlys alizungusha filamu polepole hadi Julai. Mwenye nyumba alikuwa ameshtakiwa kwa kuiwasha nyumba yake mwenyewe. Juri ilijadiliana kwa muda wa saa mbili, ikamwachia. Palikuwa na picha ya mama akishuka ngazi za mahakama, jua kali la kiangazi, amevaa glavu nyeupe.

Marlys alichapisha kurasa nne. Alimpigia Colette kutoka maegesho, injini inaunguruma ili apate joto. Colette akataja, taratibu, mambo mawili ambayo hakimu angetaka kuyaona. La kwanza, kwamba mwanajuri aliulizwa jambo la maana na akadanganya kwa kujua. La pili, kwamba lau angesema kweli, hakimu angekuwa na sababu ya haki ya kumwondoa kitini. La pili lilikuwa ndani ya gazeti. La kwanza lilikuwa kichwani mwa Eunice.

"Mahakama inaweza kusema alisahau," alisema Colette. "Miaka arobaini imepita."

"Hakusahau."

"Najua. Lakini ni lazima aseme yeye."

Alhamisi saa nne asubuhi Marlys alibisha kwa Eunice Rautio. Njia ya kuingilia ilikuwa imekwanguliwa vizuri sana, ukingo kwa ukingo, ingawa hapakuwa na alama ya gari lolote isipokuwa la posta. Alipojitambulisha kuwa anamfanyia kazi wakili wa Lyle Beaudoin, Eunice alirudi nyuma hatua moja. Marlys alidhani anafungiwa mlango. Kumbe alikuwa anampisha.

Kabla hajavua koti alimweleza haki zake zote. Hakulazimika kuzungumza. Angeweza kutafuta wakili wake kwanza, na kwa kweli ingekuwa busara, maana kudanganya chini ya kiapo ni kosa na yeye Marlys hakuwa na uwezo wa kumkinga. Angeweza kumwambia aondoke sasa hivi.

Eunice aliweka vikombe viwili mezani. Alivibeba kwa ncha za vidole. Viganja vilikuwa vyeupe, ngozi laini isiyo na mistari.

"Umetoka mbali?" aliuliza.

"Leo hapana. Jana nilikuwa Prentiss Falls."

Marlys alizitandaza zile kurasa nne. Eunice hakuzigusa. Aliitazama picha ya mtu wa glavu nyeupe, akatazama dirishani, ambako plastiki ya kuzuia baridi ilikuwa ikivimba na kunywea kwa upepo.

Alianza kusimulia bila kuulizwa. Arvo hakuwahi kujua. Alipomuuliza kuhusu mikono, kabla ya ndoa, alimwambia alimwagikiwa mafuta ya kukaangia, na kwa miaka thelathini Arvo hakumruhusu kukaanga samaki; alikaanga yeye. Wema ule, uliozaliwa na uongo mdogo, ndio uliomzuia kuusema ukweli. Kila mwaka uliopita ulifanya mwaka unaofuata uwe mgumu zaidi. Arvo alipokufa hakukuwa tena na wa kumwambia.

"Tuseme kuhusu fomu," Marlys alisema. "Ulipofika swali la kumi na tisa, ulilielewa?"

"Nililielewa."

"Ulimkumbuka Karin?"

"Hakuna siku nisiyomkumbuka."

"Na hakimu aliporudia swali, wote mmekaa pale, akasema ainue mkono ambaye—"

"Niliuweka mapajani."

"Kwa nini?"

"Angenirudisha nyumbani."

Marlys alishika kalamu bila kuandika. Hili ndilo lililokuwa swali lenyewe, na ilimbidi aliulize ingawa hakutaka. "Bi. Eunice, ulitaka kukaa pale ili umfunge Lyle?"

"Hapana. Nilitaka kukaa." Aligeuza kikombe chake kidogo kwenye sahani. "Wewe hujui watu walivyokuwa siku ile. Kila mtu ana kisingizio. Huyu ana ng'ombe, yule ana mgongo. Walikuwa wanaomba waachiwe. Mimi nilikuwa natazama vile viti kumi na viwili. Siku kumi na moja, kila asubuhi, kuna mtu aliniuliza nimelalaje. Yule Rudy alinitunzia kiti cha dirishani. Siku niliyochelewa kwa sababu ya barabara, walikuwa wamesimama mlangoni wananingoja."

Upepo ulivuta plastiki, ukaiachia.

"Na Lyle?" Marlys aliuliza kwa sauti ya chini. "Usiniambie mlivyoamua. Niambie tu ulipokuwa ukimtazama pale alipokaa, ulimwona nani?"

Eunice aliinamia kikombe chake.

"Siku za kwanza nilimwona yeye. Nilijiambia, huyu ni mtoto wa mtu. Halafu wakaonyesha picha ya kitanda cha Onni. Baada ya hapo sikumwona tena. Nilimwona yule mwingine, wa Prentiss Falls, aliyetoka mlangoni siku ile anavaa kofia yake."

Marlys aliandika maelezo kwa mkono, kurasa mbili, akamsomea. Alipofika mahali alipoandika *sikujibu swali la kumi na tisa kwa usahihi*, Eunice alinyoosha kidole.

"Futa hapo. Andika nilidanganya."

"Ukisema hivyo, mwendesha mashtaka anaweza kukushtaki."

"Niliapa kwa mkono huu." Aliutazama kana kwamba ni wa mtu mwingine. "Andika."

Marlys alifuta, akaandika, na Eunice akatia herufi za jina lake pembeni, halafu sahihi chini ya kila ukurasa, polepole, kalamu ikiteleza kwenye kiganja kisicho na mistari. Marlys alikuwa na muhuri wa kuthibitisha sahihi, akaugonga. Kahawa ilikuwa imepoa. Alipokuwa akivaa koti, Eunice aliuliza kama ataitwa mahakamani. Marlys alimjibu kwamba lazima ataitwa.

"Wenzangu watakuwepo?"

Marlys alidhani anaogopa. Kisha akautazama uso wake, akatambua kwamba haikuwa hofu.

"Hapana, Bi. Eunice. Hawatahitajika."

"Ah," alisema Eunice, akamfungulia mlango.

Ombi liliwasilishwa Ijumaa saa nane, saa mbili kabla ya mwisho. Wiki tatu baadaye hakimu alimsikiliza Eunice kwa dakika ishirini na tano. Mwendesha mashtaka alijitahidi kumwonyesha kuwa ni bibi kizee aliyechanganyikiwa, akampa kila nafasi ya kusema kwamba hakulielewa swali au kwamba kumbukumbu ilimtoka. Zilikuwa nafasi za kumwokoa bibi mwenyewe pia. Eunice alizikataa moja baada ya moja, kwa sentensi kamili. Aliulizwa mwishoni kama anaamini angeweza kutenda haki kwenye kesi ile. Alisema aliamini hivyo asubuhi ya kwanza.

Hakimu aliamua palepale. Alisema hajui kama Lyle Beaudoin aliichoma nyumba ile au hakuichoma, na kwamba hilo silo lililokuwa mbele yake. Mshtakiwa alistahili watu kumi na wawili wasioegemea upande wowote, akapewa kumi na mmoja. Hukumu ilifutwa. Kesi itaanza upya majira ya kuchipua, na juri nyingine. Lyle alirudishwa rumande akiwa na pingu zilezile, lakini alipopita karibu na mama yake aliinama, mama akamshika shavu, na askari akajifanya anatafuta funguo.

Rudy Koskela alikuwepo, kiti cha nyuma kabisa. Hakuna aliyemwita. Eunice alipoteremka kizimbani alimwona, akasita, mkono ukainuka kidogo. Rudy alikuwa ameshavaa kofia yake anatoka. Watu kumi na mmoja walikuwa wameambiwa kwamba kazi yao ya siku kumi na tatu ni bure, na mji ule si mkubwa.

Colette alimvuta Marlys kando. Furaha ilikuwa imemjaa usoni, lakini sauti yake ilikuwa ya kazi. Mwendesha mashtaka bado hajaamua kama atamshtaki mwanajuri namba saba, na Marlys ndiye shahidi wa maelezo yake. Mpaka mambo yaishe, alisema, asizungumze na Eunice Rautio. Si salamu, si habari za hali ya hewa.

"Umenielewa, Bi. Marlys?"

"Nimekuelewa."

Ushoroba ulikuwa umebaki mtupu. Eunice alikaa katikati ya benchi refu la mbao, mkoba mapajani, akingoja gari la kanisa lililokuwa limekwama nyuma ya mashine ya kusafishia barabara. Marlys alimpita hadi mlango mkubwa. Alivaa glavu. Nje theluji ilikuwa inaanguka kwa mwendo wa kutokuwa na haraka, na gari lake lilikuwa limeshageuka kilima kidogo miongoni mwa vilima vingine. Nyumbani hapakuwa na la kufanya mpaka Jumatatu.

Alirudi. Akaketi kwenye ncha ya benchi lile, akatoa gazeti, akalifungua ukurasa wowote. Eunice alimtazama mara moja tu. Alielewa, au alikuwa ameshaambiwa na hakimu. Aligeuza macho yake ukutani, akayaacha hapo. Mabega yake yalishuka kidogo. Walikaa hivyo dakika arobaini, mabomba ya joto yakigonga chini ya sakafu, na hakuna aliyesema neno.

Honi ililia nje. Eunice alisimama, akafunga vifungo vya koti kimoja kimoja hadi kidevuni, akatoka bila kugeuka. Marlys alibaki na gazeti lake mpaka mfagiaji alipokuja na ndoo, akamwomba ainue miguu.